Nilionja Tu, Sikunywa

Jumatano, 1 Oktoba

Msimu umefunguliwa. Sampuli za kwanza zimeingia asubuhi kutoka mashamba ya juu, na chumba cha kuonjea kimeanza kunukia tena baada ya miezi ya vumbi na sabuni. Jua kali. Kahawa safi, ina uchachu wa limau na utamu unaobaki mdomoni hata ukishatema. Kila msimu naandika humu mambo mawili tu, hali ya hewa na kahawa, na mwaka huu sibadilishi. Mambo mengine yana wenyewe.

Ghalani wananiita Ulimi. Sijawahi kuwakataza, maana ni kweli.

Naibu wangu alikuwa ameshapanga vikombe nilipofika. Mwanamke huyu ana pua kali na hana maneno mengi, ila ana tabia ya kunikodolea macho ninapofyonza kahawa kutoka kwenye kijiko. Anakimezea mate kiti changu. Namwacha ameze.

Ijumaa, 3 Oktoba

Jua. Taya la kushoto linauma. Kufyonza kwa kishindo kutwa nzima si mchezo, watu wanadhani tunastarehe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo ilikuwa zamu ya wafanyakazi wa ghala kupimwa afya. Muuguzi akanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi, akaitazama, akamwita mwenzake, wakaitazama wote wawili. Nikawauliza kama wameona picha ya bibi arusi.

"Mzee, mistari yako haijanipendeza," akasema yule wa kwanza. "Kifua huwa kinauma?"

"Hakiumi. Kinakuwa kizito kidogo nikipanda ngazi. Nikisimama, kinatulia."

"Na mkono? Shingo? Taya?"

"Taya ni la kazi."

Akanituma kwa daktari wa moyo. Jioni nikaitaja habari hiyo juu juu tu, katikati ya chakula. Mke wangu akaweka kijiko chini. Binti yetu, mwalimu, ambaye yuko nasi tangu nyumba za walimu zianze kukarabatiwa, akaacha kusahihisha madaftari yake. Basi nikawa kesi. Nani alinituma kufungua mdomo?

Alhamisi, 9 Oktoba

Jua, ila mawingu yanajikusanya upande wa mashamba.

Daktari wa moyo ni mama wa makamo, anazungumza polepole, kila neno analipa nafasi yake. Mke wangu alikuja nami bila kualikwa. Daktari alituchorea moyo kwenye kipande cha karatasi.

"Moyo unasukuma damu mwili mzima, lakini nao una mishipa yake midogo inayoulisha. Mafuta yakiganda ndani ya mishipa hiyo, njia inakuwa nyembamba. Mtu akitulia hana shida. Akipanda ngazi, moyo unataka damu zaidi na hauipati."

"Sasa tutajuaje?" mke wangu akauliza.

"Tunaupiga picha mara mbili, ukiwa umetulia na ukiwa kazini, kisha tunalinganisha. Wengi tunawakimbiza juu ya mkanda wa mashine, lakini kwa magoti haya..." Akayatazama magoti yangu. "Tutamchoma dawa. Inatanua mishipa kama vile ametoka kukimbia. Mshipa mzima unatanuka, mbovu unashindwa, na kamera inaiona tofauti hiyo. Sharti ni moja. Siku moja kabla ya kipimo, na siku yenyewe, asinywe kahawa, chai wala soda, asile chokoleti. Kahawa inaizuia dawa ile isifanye kazi."

Nikacheka. "Daktari, mimi sijanywa kikombe cha kahawa tangu binti yetu azaliwe."

"Ni kweli," mke wangu akadakia. "Nyumbani anakunywa maji tu."

Mwanamke ambaye hunipinga hata nikisema leo ni Alhamisi, leo alinitolea ushahidi. Daktari akaandika, akatupa tarehe kumi na sita, tukaaga.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua. Imewahi mno. Kahawa ya watu iko nje kwenye vichanja.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Loti tatu za magunia zimeingia na harufu ya ukungu. Kila gunia lazima sasa lionjwe mara mbili, kazi imekuwa maradufu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua kutwa. Nimeonja tangu asubuhi hadi lori la mwisho, meza baada ya meza, kwa sababu loti yenye ukungu ikichanganywa na nzima tumekwisha. Mke wangu alipiga simu mchana.

"Hujanywa?"

"Sijanywa."

Akapiga tena alasiri.

"Hujanywa kweli?"

"Mama weee, nimesema sijanywa! Nile kiapo?"

Na ni kweli. Kila kijiko nimekitema kwenye ndoo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nilipitia ghalani kabla ya hospitali. Naibu alikuwa ameikataa loti moja ambayo mimi niliiona nzuri, na jambo hilo lisingengoja. Nikaionja, nikaionja tena, nikaionja kwa mara ya mwisho ikiwa imepoa. Nzuri. Nikamwambia ajifunze kungoja kikombe kipoe. Akaniangalia tu nikijisugua taya.

Kipimo chenyewe si cha kutisha. Kuna chumba cheupe chenye baridi, kitanda chembamba, na kamera kubwa inayomzunguka mtu kifuani polepole. Wanakuchoma kitu chenye mionzi kidogo ili moyo uonekane. Muuguzi akauliza, "Kahawa, chai, soda, chokoleti?" Nikasema sijanywa wala sijala. Akaweka alama. Kisha ile dawa ya kutanua mishipa ikaingia.

"Utasikia joto, kifua kubana, pumzi kukata kidogo," akaniambia. "Usiogope, ni dakika chache."

Nikangoja. Sikusikia chochote cha maana.

"Husikii?"

"Labda kajoto kidogo."

"Una bahati, mzee. Wengine hapa wanataka kukimbia."

Nikajisikia fahari, nisiseme uongo.

Jumatatu, 20 Oktoba

MOYO SAFI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimengoja hili. Picha zote mbili zinafanana, damu inafika kila upande, ukiwa umetulia na ukiwa kazini. Nikaiweka karatasi mezani mbele ya mke wangu nikakaa na kukunja mikono.

Akaisoma hadi mwisho, halafu akairudia. "Na taya?"

"Meno."

"Na kijasho kinachokutoka ukifunga viatu?"

"Kuna joto."

"Mvua inanyesha wiki ya pili."

Hana dogo huyu. Mtu anapewa habari njema, badala ya kushukuru anatafuta kasoro.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Ukungu.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua. Katikati ya ngazi za ghala nilisimama kusoma lile tangazo la moto lililobandikwa ukutani. Nimelisoma lote. Naibu akapita na sinia la vikombe, akasema, "Mkuu, hilo tangazo lina mapya?" Nikamwambia apeleke vikombe.

Jumanne, 28 Oktoba

Ugomvi nyumbani. Mke wangu anataka nirudi kwa daktari. Nikamwambia mashine ya thamani ile imesema moyo wangu hauna neno, yeye ni nani aipinge? Akasema, "Mashine imekaa na wewe nusu siku. Mimi nimekaa na wewe umri mzima." Binti akajifanya anasahihisha, lakini kalamu haikuwa inatembea.

Nikatoka nje kupunga hewa. Nikarudi haraka, maana kilima kidogo kile cha kwa jirani kimekuwa kirefu sana mwaka huu.

Jumatatu, 3 Novemba

Wanunuzi wakubwa wanakuja tarehe ishirini kwa uonjaji wa mwisho wa msimu. Wananitaka mimi niongoze meza. Mvua imepungua kidogo leo, labda nayo imesikia.

Mke wangu ameweka miadi kwa daktari bila kuniuliza. Nimekubali shingo upande, lakini nina mpango wangu. Nitamchukulia daktari paketi ya loti bora ya msimu, anishike mkono, amwambie mke wangu ukweli mbele yangu, yaishe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nitaandika kama yalivyokuwa.

Tuliingia, tukasalimiana, nikamwekea daktari paketi mezani. "Zawadi yako, daktari. Umenirudishia raha nyumbani, au utanirudishia leo."

Akafurahi. Akaifungua, akanusa. "Mungu wangu, inanukia!"

"Nimeichagua mwenyewe. Hii ndiyo loti iliyotaka kunichelewesha asubuhi ya kipimo. Naibu wangu aliikataa, mimi nikaionja mara tatu kabla ya kuja hapa, nikamwambia hii ni dhahabu."

Daktari alikuwa bado ameishika puani. Akaishusha polepole.

"Uliionja asubuhi ya kipimo?"

"Nilionja tu. Sikunywa."

"Na siku iliyotangulia?"

"Siku hiyo ndiyo nilionja hasa! Mvua ilituharibia kahawa, tulikesha... hapana, hatukukesha, lakini kutwa nzima. Ila hata tone sijanywa. Natema. Ndiyo kazi, daktari, kufyonza na kutema."

Akafungua faili langu. "Hapa pameandikwa mfanyakazi wa ghala."

"Si ndiko ninakofanyia kazi?"

Nilimsikia mke wangu akivuta pumzi.

"Mzee," daktari akasema, "huwa unatema yote?"

Hapo ndipo pagumu. Ningeweza kusema ndiyo. Lakini kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nimemfundisha kwamba anayetema yote hajui mwisho wa kahawa. Acha kidogo kishuke, koo ndilo linalojua. Nimewagombeza watu wazima kwa kutema kila kitu. Na kijiko kimoja ni kidogo, lakini mimi si mtu wa kijiko kimoja.

"Si yote," nikasema.

Daktari akavua miwani. "Siwezi kujua ni kiasi gani kilichoingia. Inawezekana kidogo, inawezekana cha kutosha. Lakini hukusikia joto wala kubanwa pumzi dawa ilipoingia, na nikiyaweka haya pamoja, siwezi tena kuiamini ile picha. Dawa ikizuiwa, mishipa yote inaonekana sawa, mizima na mibovu. Nilipaswa kukuuliza kazi yako, sikuuliza. Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa shahidi," mke wangu akasema. Sauti haikuwa yake. "Mimi ndiye niliyesema anakunywa maji tu."

Nikataka kumwambia hukukosea, lakini ulimi wangu, huu wanaousifu, ukagoma.

Sasa kuna kipimo kingine. Safari hii hawakisii kwa kutazama damu ilikofika, wanaitazama mishipa yenyewe. Wanaingiza dawa inayong'aa kwenye damu, mashine ya CT inaupiga moyo picha katikati ya mapigo, na njia nzima inaonekana. Moyo lazima upige taratibu, kwa hiyo kahawa marufuku. "Kunywa, kuonja, kusukutua, yote," daktari akasema. Akanipa vidonge vya kila siku na vingine vidogo vya kuweka chini ya ulimi nikibanwa. "Ukibanwa umekaa tu, hujafanya kazi yoyote, usingoje tarehe. Njoo siku hiyo hiyo."

"Tarehe gani?" nikauliza.

"Nafasi ya karibu ni Alhamisi, tarehe ishirini."

Tulirudi nyumbani. Mvua imeanza upya.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepiga simu hospitali kutoka ghalani. Nimesogeza kipimo hadi tarehe ishirini na saba. Wiki moja tu. Nimengoja miaka mingi kuongoza meza kama ile, moyo nao unaweza kungoja wiki moja. Mke wangu sijamwambia.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Nimeonja. Kidogo.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua. Nimeonja, si kidogo. Kwenye ngazi kifua kilikaza, mara hii hakikutulia niliposimama. Nikaweka kidonge chini ya ulimi. Baada ya muda kikaachia. Mdomo ulipoteza ladha kabisa hadi mchana, vikombe vyote vikawa maji. Naibu aliona nikifunga chupa. Nikamwambia ni peremende. Hakuomba.

Jumapili, 16 Novemba

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshika soksi. Sijainama, sijanyanyua kitu. Kifua kikakaza chenyewe, maumivu yakapanda hadi taya, na mkono wa kushoto ukawa mzito kama si wangu. Kijasho chembamba. Kidonge. Nikahesabu maua ya pazia hadi kifua kilipoachia.

Daktari alisema nisingoje. Najua alivyosema, niliandika mwenyewe hapo juu. Zimebaki siku chache tu hadi tarehe ishirini. Mungu nivushe tu hadi hapo.

Mke wangu alichungulia mlangoni. "Mbona umechelewa hivyo?"

"Natafuta soksi."

Soksi ilikuwa mkononi. Aliiona. Akaondoka.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimefika chumba cha kuonjea, vikombe vimepangwa kwa watu wote isipokuwa mimi. Na kijiko changu hakipo.

"Kijiko changu kiko wapi?"

"Nimekifungia," Naibu akasema.

Nikafikiri nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa mara ya pili, kwa sauti iliyofika hadi kwa wapakiaji. Akarudia jibu lile lile, hakupandisha hata kidogo.

"Umengoja siku hii!" nikamwambia. "Tangu uingie hapa unanikodolea macho. Unadhani sioni? Unakitaka kiti changu, sema!"

"Mkuu, baba yangu alikuwa anashika taya hivyo hivyo." Akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, pale pale ninaposhika mimi, chini ya sikio. "Tukampeleka kung'oa jino. Wakang'oa. Wiki iliyofuata tukamzika. Mimi sikuangalii kiti. Nakuangalia taya tangu mwezi wa kumi, na sikuwa na ujasiri wa kusema. Leo ninao. Nimempigia mama nyumbani kwako."

Wapakiaji wote walikuwa wamesimama mlangoni. Nilitamani ardhi inimeze. Nikachukua koti langu nikatoka, mvua ikanipiga njia nzima.

Jumanne, 18 Novemba

Mke wangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga, kelele zake nazijua.

Aliketi mbele yangu, mikono juu ya meza. "Nimetoka hospitali. Nafasi yako ya tarehe ishirini bado ilikuwa haijachukuliwa na mtu. Nimeirudisha."

"Tarehe ishirini nina wanunuzi."

"Najua."

"Meza ile ndiyo..."

"Umenidanganya," akasema. "Umepiga simu kwa siri kusogeza kipimo. Baba yake, wewe una mambo yako mengi, una hasira, una majivuno, lakini uongo hukuwa nao. Tangu lini unanificha kitu?"

Nikaitazama mikono yake juu ya meza.

"Jumapili ulibanwa ukiwa umekaa. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

Akainamisha kichwa hadi paji la uso likagusa meza. Binti alikuja kutoka chumbani, akamwekea mama yake mkono mgongoni, akanitazama mimi, na macho yake sikuyaweza.

"Baba," akasema, "wanunuzi watanunua kahawa hata usipokuwepo. Sisi je?"

Mke wangu alitaka twende hospitali pale pale. Tulikwenda. Walinibandika nyaya tena, wakanitoa damu, wakasema shambulio la moyo bado, lakini wakanibakiza wodini. Naandika nikiwa kitandani kwao. Dirishani mvua tu.

Alhamisi, 20 Novemba

Saa hizi wanunuzi wako mezani. Naona kila kikombe kilipokaa. Potelea mbali.

Mashine ya CT ni pete kubwa, unaingizwa katikati yake ukiwa chali. Walinipa kidonge cha kupunguza mapigo, wakangoja, wakapima, wakangoja tena. Dawa ilipoingia nilisikia joto likitambaa kooni, tumboni, hadi chini, nikadhani nimejikojolea. Safari hii nilisikia kila kitu. Sauti ikasema vuta pumzi, shika. Nikashika. Nilifikiri: Hii isiwe ya mwisho. Basi, hilo tu ndilo nililofikiri.

Daktari alikuja mwenyewe wodini na picha mbili. Kwenye ile ya Oktoba moyo umepakwa rangi kila upande, mzuri wa kuweka ukutani. Kwenye ya leo mishipa inaonekana kama mizizi, na mmoja mnene, karibu kabisa na unapoanzia, umebanwa kiunoni.

"Huu ni mshipa mkuu wa kushoto," akasema. "Unalisha sehemu kubwa ya moyo. Hapa njia iliyobaki ni nyembamba sana."

"Ukiziba?"

Alimtazama mke wangu kwanza, kisha mimi. "Ukiziba ghafla, mara nyingi hatuwahi."

Mwezi mzima nimetembea na karatasi inayosema moyo safi. Nimepanda nayo ngazi. Nimegombana nayo.

Ijumaa, 21 Novemba

Wamepitisha waya mwembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi moyoni, wakahakikisha. Ni kweli. Daktari wa upasuaji, mtu wa masihara kidogo, anasema watachukua mshipa mwingine mwilini waunganishe mbele ya palipoziba, damu ipite pembeni. "Kwa lugha rahisi, mzee, tunakuwekea mchepuko."

Mke wangu, ambaye hajatabasamu tangu Jumanne, akasema, "Huo mmoja tu ndio nitakaouruhusu."

Wauguzi walicheka hadi kitanda cha jirani. Nami nikacheka, kifua kikanikanya, nikaacha.

Jumapili, 23 Novemba

Naibu amekuja, amevaa nguo ya kutokea. Alisimama mwisho wa kitanda mpaka nikamwambia akae. Wanunuzi waliongozwa na yeye. Loti ya kwanza imechukuliwa yote, ya pili walisita kuichukua.

"Uliwaacha wangoje ipoe?"

"Niliwaacha."

"Na uliipa alama ngapi?"

Akanitajia. Mimi ningeipa juu zaidi, na nilikaribia kumwambia. Nikasema, "Sawa." Kisha nikamwambia yale niliyokuwa nayo tangu Jumatatu. Nilimtukana mbele ya wapakiaji, nami ningekuwa kaburini kwa ajili ya kijiko kama asingekifungia. Nikamwomba radhi. Akalia, mimi nikatazama dirisha kumpa nafasi, kumbe na mimi nilikuwa nalia.

Upasuaji ni Jumanne. Daktari amenieleza hatari zake bila kuzipaka asali, wengi wanapona, wachache hawaamki. Wote wanaokuja hapa wananiambia nijipe moyo. Nimewaitikia. Humu nitaandika ukweli. Naogopa. Sitaki kufa. Sitaki mke wangu arudi kwenye nyumba ile peke yake na viatu vyangu mlangoni.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua imekatika. Wamenikataza kula kuanzia jioni.

Jumatatu, 1 Desemba

Niko hai.

Mstari huo umenichukua muda, mkono hauna nguvu na kifua kimeshonwa katikati. Nikikohoa nakumbatia mto kama walivyonielekeza. Mdomo hauna ladha yoyote, wanasema ni dawa, huenda itarudi na huenda isirudi kama ilivyokuwa. Nilidhani habari hiyo ingeniua. Nimeisikiliza kisha nikaomba maji.

Mchana huu mke wangu amelala kwenye kiti kando yangu. Kichwa kimeanguka nyuma, mdomo wazi, anakoroma hadi wagonjwa wanageuka. Nilimwambia binti amchukue mama yake ampeleke nyumbani, haoni amechoka?

"Mwache, Baba," binti akasema kwa sauti ya chini. "Hajalala."

"Tangu upasuaji?"

"Tangu Oktoba. Tangu uje na ile karatasi." Akanitengenezea shuka. "Ukishasinzia wewe, anaamka, anakaa pale ukingoni, anaweka mkono karibu na pua yako. Kila siku. Mimi nilimfumania mara moja nikamwambia lala, Mama, kipimo kimesema ni mzima. Akaniambia nisikuambie, utakasirika."

Na kweli ningekasirika. Ningesema ananiwangia. Mimi nilikuwa nikilala fofofo na moyo wangu safi, na mwanamke huyu alikuwa zamu peke yake, anangoja pumzi moja baada ya nyingine, asubuhi anaamka kunipinga kuhusu soksi.

Muuguzi amekuja kupima presha. Kiti kimeziba njia, akanyoosha mkono amguse bega. Nimemzuia. Nimemwambia azunguke upande wa dirisha, presha itapimwa kwa mkono mwingine, huyu aachwe alale mpaka atakapoamka mwenyewe.